Tope linaloelea: namna ya kulipima na kulifuata hadi linapotua katika hori za Mombasa

Siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji ya hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, yakiwa yamekupwa karibu saa 5 asubuhi, huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rudi pale pale saa 10 jioni, maji yamejaa, na utaliona kasia hadi ncha yake. Mvua haikunyesha kati ya saa hizo mbili, wala mto haukubadilika. Kilichobadilika ni saa ya maji. Ndiyo sababu chupa iliyotekwa bila kuandikwa saa ya maji, kina na chumvi haikuambii kitu, hata ukiipima kwa mizani ya gharama namna gani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa vikundi vya kupanda mikoko, kamati za wavuvi, wanafunzi wa vyuo na yeyote anayetaka kujua tope la kwao linatoka wapi na linatua wapi. Kazi yake inahitaji mashua moja, watu watatu na siku nzima ya subira. Vifaa vingi vinatengenezeka nyumbani. Kitu cha kuazima maabarani ni mizani ya kusoma miligramu 0.1, pamoja na oveni.

Mombasa si Kipini

Mto Tana unaingia baharini Kipini, kwenye ghuba ya Ungwana, baada ya kujenga delta pana. Sabaki unamwaga maji yake mekundu kaskazini mwa mji wa Malindi, moja kwa moja kwenye bahari wazi. Mombasa hali ni nyingine. Hori za hapa ni mabonde ya mito yaliyomezwa na bahari usawa wake ulipopanda. Mto Mwache unaishia ndani ya hori ya Port Reitz, na Kombeni na Tsalu zinaishia ndani ya Tudor, kilomita kadhaa kabla ya bahari kuu. Tope la mito hii huingia kwenye chumba chenye mlango mwembamba. Sehemu kubwa hulala humo humo, kwenye mikoko na kwenye tambarare za matope, na kiasi hutoka na mkondo wa kupwa. Mito yenyewe ni ya msimu: nje ya masika na vuli inakaribia kukauka, lakini maji ya hori bado huchafuka kila siku. Tope unaloliona Februari si la mto wa leo. Ni la mvua zilizopita, linaamshwa na mkondo na kulazwa tena mara nne kwa siku.

Kasi ya kuzama

Neno mashapo linajulikana kwa kila mnywaji wa kahawa: ni kile kinachobaki chini ya kikombe. Kahawa ikiwa bado inazungushwa, mashapo yanaelea. Ukiacha kikombe kitulie, yanazama, makubwa kwanza. Baharini ni hivyo hivyo, ila tofauti ya kasi kati ya chembe na chembe ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kasi ya kuzama hufuata mraba wa kipenyo. Chembe yenye kipenyo mara 10 zaidi huzama mara 100 haraka zaidi.

Kwa maji ya bahari ya nyuzi 28 za Selsiasi, joto la kawaida la hori zetu wakati wa upepo wa kaskazi, hesabu inakuja hivi. Chembe ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mpaka kati ya mchanga na tope laini, huzama karibu milimita 3.9 kwa sekunde. Mita 1 inaimaliza kwa dakika 4 na ushei. Chembe ya mikroni 20 huzama milimita 0.39 kwa sekunde. Mita 1 ni dakika 43. Chembe ya udongo wa mfinyanzi (hapa tutauita mfinyanzi tu) ya mikroni 2 huzama milimita 0.0039 kwa sekunde, na mita 1 huichukua karibu siku 3.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya maji ya Mombasa. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25. Maji yakishajaa husimama kidogo kabla ya kugeuka, tuseme nusu saa. Katika nusu saa hiyo mfinyanzi wa mikroni 2 unashuka milimita 7 tu, kisha mkondo unaanza tena. Kwa hesabu hii mfinyanzi usingetua kamwe ndani ya hori. Lakini nenda Tsunza, kando ya hori ya Port Reitz, ukanyage matope ya mikoko: ni mfinyanzi mtupu, laini kama siagi. Kuna kitu hesabu imekiacha, na kitu hicho ni chumvi.

Jaribio la chupa mbili

Lifanye kabla ya kuingia mashuani, kwa sababu linabadilisha namna utakavyoteka na kubeba maji.

Chukua tope kutoka ukingo wa mto juu ya mahali maji chumvi yanapofika. Usichukue la mikokoni. Hilo tayari limeshiba chumvi. Koroga konzi moja kwenye ndoo ya maji matamu, acha dakika 5 mchanga utulie, kisha mimina yale ya juu kwenye chupa mbili za plastiki za lita 1, zinazolingana. Chupa ya kwanza iache hivyo. Ya pili tia gramu 35 za chumvi ya jikoni, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa. Geuza chupa zote mbili juu chini mara 10, polepole, zisimamishe, na washa saa.

Baada ya dakika chache chupa ya chumvi itaanza kuonyesha vinyuzi na mabonge madogo kama machicha ya nazi. Ndani ya saa moja au mbili juu kutakuwa kweupe. Chupa ya maji matamu inaweza kubaki na ukungu hadi kesho yake na zaidi. Sababu ni kwamba uso wa chembe za mfinyanzi una chaji hasi, kwa hiyo katika maji matamu chembe husukumana. Chumvi inapoingia, nguvu ya kusukumana inabanwa karibu na uso wa chembe, chembe zikigongana zinashikana, na bonge hushuka kwa kasi ya milimita 0.1 hadi 1 kwa sekunde badala ya ile ya mfinyanzi mmoja mmoja. Chumvi nyingi haihitajiki: gramu chache tu kwa lita zinatosha kuanza kazi. Hivyo tope la mto huanza kugandamana mapema sana, pale maji matamu yanapokutana na ya bahari kichwani mwa hori.

Ukiona chupa zote mbili zinafanana, shuku maji uliyotumia. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi ya kutosha kuharibu jaribio. Tumia ya mvua au ya chupa ya dukani.

Sasa rudia hesabu ya nusu saa. Bonge linaloshuka milimita 0.5 kwa sekunde hupita karibu sentimita 90 maji yakiwa yamesimama. Maji ya kujaa juu ya sakafu ya mikoko mara nyingi hayazidi kina hicho. Tope linatua hapo. Mizizi inapunguza mkondo wa kupwa, na sehemu ya kilichotua haiamki tena. Mikoko haichuji kama kitambaa. Inayapa maji utulivu, na utulivu ndio unaofanya kazi.

Kuchagua siku

Chukua jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Mkondo wa bamvua huamsha tope ambalo maji mafu hayaliwezi, kwa hiyo kipimo cha siku moja kati ya hizo hakisemi lolote kuhusu nyingine.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wenye shahada. Mombasa, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa 10 hadi 11 alfajiri na tena saa 10 hadi 11 jioni, na hukauka karibu saa 4 hadi 5 asubuhi. Anayefika na chupa zake saa 4 asubuhi kila bamvua atateka maji ya mwisho wa kupwa kila mara, yaani machafu kuliko yote. Akija saa hiyo hiyo siku za maji mafu atakuta maji yanajaa au yamejaa. Mwisho wa mwaka ataandika kwamba bamvua ina tope mara tano zaidi, na nusu ya tofauti hiyo itakuwa imetokana na saa yake ya kuamka.

Dawa ni kukaa mahali pamoja mzunguko mzima: saa 13, kila saa sampuli, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12 jioni. Fanya siku nne kama hizo kwa mwaka: bamvua moja na maji mafu mamoja ndani ya masika, ambayo kwa Mombasa Mei ndiyo kilele chake, na mbili nyingine kiangazi cha Januari au Februari. Siku nne kamili zina faida kuliko ziara arobaini za kupita.

Vifaa vya mashuani

Bildi kwa ajili ya kina: kamba iliyofungwa alama kila nusu mita, na risasi ya kilo 1 chini. Sahani ya uangavu: bati la mviringo la kipenyo cha sentimita 30, lililopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, lenye tundu katikati, kamba na uzito. Kipimo cha chumvi cha kutazamia mwanga kwa tone la maji. Kipimajoto. Chupa 45 za plastiki za lita 1, na sanduku la barafu. Penseli, si kalamu ya wino.

Chombo cha kutekea maji ya chini tengeneza hivi. Chupa ngumu ya lita 1 yenye mdomo wa sentimita 3 hivi ifungwe kwenye uzito wa kilo 2, isimame wima. Mdomo uzibwe kwa kizibo cha mpira kisichokazwa sana, kizibo kifungwe uzi wake, na chupa ifungwe kamba yake. Ishushe ikiwa imezibwa, vuta uzi kwa mkupuo, subiri hadi mapovu yakome juu ya maji, kisha pandisha. Inafaa hadi mita 10 hivi. Chini zaidi ya hapo kizibo hakitoki kwa sababu ya mgandamizo, na chupa laini hubonyea. Kwenye maji ya kina ya Kilindini utahitaji chombo cha maabara kinachofungwa ncha zote mbili. Hata hivyo usitie nanga kwenye njia ya meli bila idhini ya bandari, na usiteke nyuma ya meli iliyopita: rafadha yake (pangaboi) huchota tope la chini na kukuachia kipimo cha meli badala ya kipimo cha hori.

Kuteka

Tia nanga kwa kamba ndefu, angalau mara tano ya kina, omo (mbele ya mashua) ikiukabili mkondo. Nanga iko mbele yako, na tope iliyoliamsha linakuja chini ya mashua. Subiri dakika 10 lipite. Kosa hili la nanga pekee limeharibu vipimo vingi vya tope la chini.

Piga bildi upande wa tezi (nyuma), teka upande wa omo. Teka vina vitatu: nusu mita chini ya uso, katikati, na nusu mita juu ya sakafu. Anza na cha juu. Ukigusa sakafu, mwaga, sogea upande wa pili wa mashua, subiri dakika 5 urudie. Mahali pasipofika mita 1.5, sampuli moja ya katikati inatosha.

Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kina hicho hicho kabla ya kujaza, na ijaze yote. Usijaze chupa kubwa kisha ukagawanya: mchanga unazama ukiwa bado unamimina, na chupa ya pili inapata mwingi kuliko ya kwanza. Andika kituo, kina cha maji, kina cha sampuli, saa, hali ya maji (yanajaa, yamesimama, yanakupwa), chumvi, joto, upepo. Chupa ziwekwe kwenye barafu, zichujwe ndani ya saa 24. Zikikaa jotoni, viumbe vidogo huanza kula na kuzaliana, na uzito unabadilika.

Maji ya juu na ya chini yakitofautiana chumvi kwa zaidi ya gramu 2 au 3 kwa lita, maji matamu yanatambaa juu ya mazito. Masika hutokea hivyo kichwani mwa Port Reitz. Hapo wastani wa vina vitatu haufai kuamuliwa haraka, kwa kuwa tabaka la juu linaweza kuwa linatoka na la chini linaingia.

Sahani ya uangavu isomwe upande wa kivuli wa mashua, kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, bila miwani ya jua. Andika kina inapopotea, pandisha, andika kina inapoonekana tena, chukua wastani. Ni kipimo cha bei rahisi na kizuri, ila kinahesabu pia mwani mdogo na rangi ya majani ya mikoko. Usigeuze sentimita kuwa miligramu kwa fomula uliyoikuta mahali. Tengeneza uhusiano wako mwenyewe kwa sampuli zisizopungua 20 za hori yako.

Maji ya Tudor yanapokea maji taka. Vaa glavu na viatu vya mpira, na usiteke ukiwa na kidonda kibichi.

Chungwa na mkondo

Kiasi cha tope bila mkondo ni nusu ya habari. Tia chungwa zima kwenye kipande cha wavu, lifunge uzi mwembamba wa mita 10, liachie omoni na hesabu sekunde hadi uzi unyooke. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo wa kusi hauna pa kulishika. Dafu au chupa tupu hukimbia na upepo. Rudia mara tatu. Mita 10 kwa sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Mkondo wa juu ni mkali kuliko wa chini, basi zidisha kwa 0.85 kupata wastani wa kina chote: 0.34.

Tuseme wastani wa tope ni miligramu 150 kwa lita, sawa na kilo 0.15 kwa mita ya ujazo, na kina ni mita 3. Zidisha 0.15 kwa 0.34 kwa 3: kilo 0.153 kwa sekunde kupitia kila mita 1 ya upana, au kilo 550 hivi kwa saa. Jumlisha saa zote za kujaa, jumlisha saa zote za kupwa, toa. Ila uwe na hofu na jibu hilo. Unatoa namba kubwa kutoka namba kubwa, na kosa la asilimia 10 kwenye kila moja linatosha kugeuza "tope linaingia" kuwa "tope linatoka". Kwenye hori zenye mikoko mingi mkondo wa kupwa mara nyingi huwa mkali kuliko wa kujaa, maana maji yaliyotawanyika mikokoni huchelewa kutoka kisha hukimbilia mfereji kwa pamoja. Ukipata kinyume chake, kagua saa yako na uzi wako kwanza.

Kuchuja na kupima uzito

1. Tumia chujio la nyuzi za kioo la milimita 47. Lisuuze kwa maji yaliyotoneshwa, likaushe kwa nyuzi 105 kwa saa 1, lipoze kwenye chombo kikavu chenye chembe za kufyonza unyevu, lipime. Rudia kukausha hadi uzito usibadilike kwa zaidi ya miligramu 0.5. Lishike kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

2. Geuza chupa ya sampuli mara 20, pima mara moja kiasi cha kuchuja. Maji meusi: mililita 100 hadi 250. Maji maangavu ya mlango wa bahari: lita 1, pengine 2. Lengo ni kupata angalau miligramu 5 juu ya chujio bila kuliziba. Likianza kudondosha tone moja moja, acha hapo na uandike kiasi kilichopita.

3. Suuza silinda, kisha suuza chujio kwa maji yaliyotoneshwa, mililita 20 mara tano, pamoja na ukingo uliobanwa na faneli. Ondoa faneli na usuuze ukingo huo peke yake.

4. Kausha kwa nyuzi 105 saa 1 au zaidi, poza, pima, rudia.

Hatua ya 3 ndiyo inayoua vipimo vya baharini. Mililita 1 ya maji ya bahari iliyobaki kwenye chujio ikikauka huacha karibu miligramu 35 za chumvi. Ukichuja nusu lita ya maji safi ya mlangoni yenye miligramu 10 kwa lita, tope lako la kweli ni miligramu 5. Nusu mililita ya maji chumvi iliyojificha ukingoni inaongeza 17. Utaandika kwamba maji yana tope mara nne ya lililopo. Kwa kila kundi la sampuli 10 weka chujio la ushahidi: chukua maji ya bahari ambayo tayari yamechujwa mara moja, yapitishe kwenye chujio jipya, suuza na kausha kama mengine. Likiongezeka zaidi ya miligramu 1, suuza yako haitoshi. Usiishie kutoa namba hiyo kwenye matokeo, rudia kazi.

Mfano: chujio tupu miligramu 128.3, baada ya kazi 165.8, maji yaliyopita mililita 250. Tofauti ni 37.5; gawanya kwa lita 0.25, jibu ni miligramu 150 kwa lita.

Ukiwa na tanuri la nyuzi 450, choma chujio lile lile saa 4 na upime tena. Kilichopotea ni mabaki ya viumbe: majani, mwani, uchafu wa majumbani. Kwa kazi hii machujio matupu nayo yawe yamechomwa kwanza.

Kasi ya kutua ipimwe papo hapo

Mabonge ya tope ni dhaifu kama povu la sabuni. Chupa iliyopita kwenye matuta ya barabara kutoka Mikindani ikafika maabarani ina mabonge yaliyovunjika, na kasi utakayoipima si ile ya hori. Fanya kazi hii ufukweni, kivulini, ndani ya dakika chache.

Mimina sampuli ya chini polepole kwenye silinda ya lita 1, pasipo upepo. Kwa bomba la sindano lenye mrija mwembamba, vuta mililita 50 kutoka sentimita 10 chini ya uso: mara moja mwanzoni, kisha baada ya sekunde 30, dakika 4, dakika 15 na saa 1. Kila uvutapo, uso unashuka karibu sentimita 2. Pima sentimita 10 upya kutoka uso mpya. Chuja kila mililita 50 peke yake. Njia hii inafaa maji yakiwa na zaidi ya miligramu 100 kwa lita, vinginevyo mizani haitaona kitu.

Dakika 4 zikipita na nusu ya tope imeondoka kwenye sentimita 10 hizo, kasi ya kati ni karibu milimita 0.4 kwa sekunde. Kama nusu imeondoka ndani ya sekunde 30, una mchanga laini. Ikiwa saa 1 imepita na bado tope karibu lote lipo, mabonge hayajaundwa, au uliyavunja wakati wa kumimina.

Mitego, fimbo na mizizi

Kwa muda mrefu zaidi tumia mtego: bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5, urefu sentimita 30, chini limezibwa, limefungwa wima kwenye chuma kilichopigiliwa sakafuni. Urefu uwe angalau mara tano ya kipenyo. Mtego mfupi hutapika kilichoingia mkondo ukizidi. Mdomo uwe sentimita 30 juu ya sakafu. Uache siku 14, ili upate bamvua na maji mafu. Kaa na samaki wadogo hupenda kulala humo. Wavu wa matundu ya sentimita 1 mdomoni unawazuia, ila usafishwe kila siku 3 au 4.

Mdomo wa mtego huo una eneo la mita za mraba 0.00196. Ukikuta gramu 5.5 za tope kavu baada ya siku 14, ni gramu 200 kwa mita ya mraba kwa siku. Usiseme sakafu imepanda kwa kiasi hicho. Mtego hupokea tope lile lile likiamshwa na kushuka mara nyingi na haulirudishi, tofauti na sakafu iliyo wazi.

Kujua sakafu imepanda kweli, zika kigae cha sentimita 20 kwa 20 hadi sentimita 10 chini ya tope, kikae sawasawa, kiache miezi 2 tope litulie, kisha kila miezi 3 choma waya mwembamba mahali 9 hadi ugonge kigae na upime kina. Vigae 5 kwa kila ukanda wa mikoko. Mikoko iko chini ya idara ya misitu na hifadhi za baharini ziko chini ya idara ya wanyamapori, kwa hiyo vibali vitangulie. Na wavuvi wa kamati ya ufuo waambiwe mapema, la sivyo chuma chako kitang'olewa kwa kukata nyavu.

Kwenye bahari wazi majira ya upepo huingia kwenye hesabu. Tope la Sabaki husukumwa kaskazini wakati wa kusi; kaskazi ikivuma, hugeuka kusini kuelekea miamba ya hifadhi ya Malindi. Mtego uliowekwa huko miezi ya kusi peke yake utasema miamba iko salama.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta kichwani mwa hori ya Mwache tope jingi kiasi cha kuzika mizizi na kuua eneo kubwa la mikoko. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, hupumua kwa mizizi kama vidole vinavyochomoza juu ya matope, na hivyo ni kipimo kilichokwisha kupigiliwa ardhini bila gharama. Kabla ya kupanda mche wowote, chagua vidole 20 katika kila kituo, pima kila kimoja kutoka sakafu hadi ncha, andika wastani, na urudie baada ya masika. Wastani ukiwa umepungua kwa sentimita 3 au zaidi, angalia vigae. Vigae navyo vikisema hivyo hivyo, panda juu zaidi ufukweni au subiri msimu mwingine. Vidole vilivyovunjwa na wachota chambo visihesabiwe.